Nani Atatibu Mafua ya Makindu?

Jumatatu, 6 Juni 1994

"Mtu mwenye mafua, dawa ni nusu. Nusu ya pili ni kiti."

Hayo ni maneno ya Hasina Abubakar, mwenye duka la dawa lililo mkabala na langu. Ameyasema leo mbele ya baraza zima la chifu. Watu wakapiga makofi.

Upuuzi mtupu! Nimesoma vitabu vitatu vizito vya dawa, kimoja kimeandikwa na Mwingereza aliyekufa, na hakuna ukurasa unaotaja kiti. Kiti hakiui minyoo. Kiti hakishushi homa. Kama kiti kingekuwa dawa, seremala angeitwa daktari, na wabunge, ambao kazi yao ni kukaa, wasingepelekwa Ulaya kutibiwa. Nilisimama kuyasema haya yote. Chifu akasema muda umekwisha. Muda huwa umekwisha kila ninaposimama.

Kiini cha baraza kilikuwa hiki. Daktari Gicheru wa kituo cha afya amechoka. Kijana wa Nyeri, shingo nyembamba, macho mekundu. Alituambia kwamba nusu ya watu wanaolala kwenye veranda yake wakingoja zamu hawahitaji daktari hata kidogo. Mafua. Kichwa. Upele. Minyoo. Tumbo la kuhara tangu jana. Juzi mtoto mwenye degedege alipangwa nyuma ya mzee aliyekuja kuuliza kwa nini anapiga chafya akila pilipili. Daktari aliposema hivyo sauti yake ilikatika.

Kwa hiyo kuanzia katikati ya mwezi huu magonjwa madogo yatatibiwa katika duka la dawa. Duka moja kwanza, kwa majaribio. Kituo kitawaelekeza watu huko. Litawekewa kibao. Daktari atapita wiki ijayo kukagua kabla ya kuchagua.

Maduka ya dawa hapa Makindu ni mawili. La Evanson Muthama, yaani mimi, lililokuwako kabla ya lami mpya. Na la Hasina, lililofunguliwa mwaka jana na bado linanuka rangi. Kuchagua gani tena hapo?

Lakini walipiga makofi. Kwa kiti!

Akichaguliwa yeye nimekwisha. Serikali yenyewe ikiwaelekeza watu upande ule wa barabara, nani atavuka kuja huku? Nitabaki nikiuza nyembe na mafuta ya nywele kama kibanda.

Tena kuna lile linaloniuma zaidi. Hasina amezaliwa Kitui mjini, kwa familia ya Waislamu wa tangu zamani. Kwa wazee anaongea Kikamba kizuri kuliko changu. Kwa madereva wa malori anaongea Kiswahili cha Mombasa, laini kama samli. Mtu mwenye ndimi mbili tamu ni mtu wa kuogopwa.

Jumanne, 7 Juni

Nimeazimia. Wakitaka kiti, watapata kiti cha kukata maneno! Hasina ana benchi la mbao. Mimi nimeleta kochi.

Kochi la sebuleni kwetu, lile kubwa jekundu lenye springi, pamoja na vitambaa vya kusuka vya mke wangu Kasyoka. Nililibeba na Kiema, mwenye bucha la jirani. Kasyoka alikuwa shambani. Aliporudi na kukuta sebule ni uwanja, alikuja dukani na jembe mkononi. Alisema, Baba Musembi, siku utakayouza kitanda unijulishe mapema nitafute pa kulala. Nikamweleza kwamba hii ni vita ya fikra. Akasema vita ya fikra haihitaji vitambaa vyake, akavikusanya akaondoka navyo.

Matokeo. Kufikia saa tano kochi limejaa. Nikafurahi. Kufikia saa sita nikaelewa. Ni abiria wa basi la Mombasa! Wanakula chakula cha bure kule hekalu la Kalasinga, wale wenye vilemba, wanashiba, kisha wanakuja kusinzia kwangu wakingoja gari. Mmoja aliniuliza kama nina chai. Mwingine alivua viatu. Mwanamke mmoja mnene alinunua nyembe, akaomba nimwamshe basi likifika.

Mgonjwa wa kweli alikuja mmoja, anakohoa. Akachungulia, akaona hakuna pa kukaa, akavuka barabara kwenda kwa Hasina.

Jumatano, 8 Juni

Ulinzi umeshindwa. Sasa mashambulizi.

Sheria haimruhusu mwenye duka la dawa kumdunga mtu sindano. Na watu wetu wanajulikana: bila sindano hawaamini kwamba wametibiwa. Mpe mtu tembe, atakutazama kama umempa pipi. Kwa hiyo Hasina lazima anadunga kwa siri. Vinginevyo wanampendea nini? Benchi?

Nikamtuma Kiema. Maagizo yalikuwa mepesi: jifanye tumbo linakuuma, lia, dai sindano, akikudunga njoo unionyeshe mahali. Nilimwahidi kumwombea kwa daktari tenda ya nyama ya kituo. Kiema ana mwili wa kifaru na uso wa mtoto. Hakuna jasusi bora.

Nilitazama kupitia mwanya kati ya makatoni. Akaingia ameshika tumbo. Akakaa. Nikaona Hasina anavuta kigoda, anakaa mbele yake, anauliza. Anauliza tena. Kiema anacheka! Mgonjwa gani anacheka? Akakaa huko mpaka mbwa wake akaja kumtafuta.

Akarudi na pakiti ya chumvi na sukari ya kuhara. Akaichanganya kwenye kikombe changu, akanywa mbele yangu.

Nikamuuliza sindano iko wapi. Akasema hakuna. Hasina alimuuliza tumbo linauma wapi, akaonyesha kulia. Baadaye akamuuliza tena, akaonyesha kushoto. Hasina akamwambia, Bwana Kiema, tumbo linalohama hivi kama treni halitaki sindano, linataka stesheni. Kisha akamwambia amwambie aliyemtuma aje mwenyewe, kiti kipo.

Nikamuuliza, mbona ukanunua pakiti? Kiema akatazama chini. Akasema, Muthama wee, yule mama anakuuliza mpaka unaona aibu kutokuwa mgonjwa.

Na sasa anawaambia wateja wake wote wa nyama! Nimemsikia mwenyewe, anakata mifupa huku anahubiri. Napoleoni alisema, au kama hakusema alipaswa kusema, kwamba rafiki ni adui ambaye hajalipwa vizuri.

Alhamisi, 9 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Kiema ameniambia, kwa kunihurumia eti, kwamba mji mzima unasema: hata mama mkwe wa Muthama anatibiwa kwa Hasina.

Mama mkwe wangu! Mwaka mzima sijui! Lazima nieleze hapa kwa utulivu. Sisi Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Ni heshima, tunaiita nthoni. Nikimwona anakuja barabarani naingia kichakani, hata kama kichaka ni cha miiba. Akiniona yeye anajifunika leso usoni na kugeukia ukuta. Jina lake silitamki, wala sitaliandika hata katika shajara hii. Nitamwita Mama. Nilioa zamani, Musembi wetu yuko kidato cha pili, na uso wa Mama nimeuona mara moja, kwa bahati mbaya, kwenye mazishi.

Basi angewezaje kuingia dukani kwangu? Hata angetapika nyongo, asingeingia. Kila mtu Makindu anajua. Lakini je, mji unasema haki? Mji unasema Muthama hawezi hata kumtibu mama wa mkewe. Na daktari si Mkamba. Akisikia, ataelewa nini?

Usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri, na sasa najua sababu. Moyo ulijua kabla ya masikio.

Nilimpa Kasyoka dawa ampelekee. Dawa nzuri, za bei. Mama alizirudisha. Alimwambia Kasyoka, nimwambie mkwe wangu kwamba ninaumwa nyonga? Afadhali nyonga ianguke.

Nyonga! Anamwonyesha Hasina nyonga!

Jumamosi ya wivu imekuja Alhamisi. Sijui hata ninachoandika.

Ijumaa, 10 Juni

Nimepata! Nimeamka nikicheka peke yangu.

Mama hawezi kuingia nikiwa dukani. Lakini nisipokuwapo? Nthoni haikatazi kuingia duka tupu. Kesho nitakwenda mji wa Wote kununua dawa. Kasyoka atakaa dukani. Atamwalika mama yake aje apumzike, apate dawa kutoka mikononi mwa binti yake. Siku ya Jumamosi mji umejaa. Watu wote watamwona Mama akiingia kwa Muthama! Kiema nimempanga asimame mlangoni amsalimie kwa sauti kubwa. Amekubali kwa sharti kwamba nisimtume tena kuumwa.

Nilimweleza Kasyoka. Alikuwa anachagua maharagwe. Aliendelea kuchagua kwa muda mrefu. Kisha akasema, Baba Musembi, wewe hutaki mama yangu apone. Unataka aonekane.

Sikuona tofauti ni nini.

Mwishowe akakubali, kwa sababu Mama anatembea vibaya siku hizi na huenda akamshawishi akiwa karibu. Alinilisha kiapo kwamba kweli nitakuwa Wote. Nikaapa. Wakati ule nilimaanisha.

Jumamosi, 11 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye katoni. Kochi halipo. Nitafika hapo.

Alfajiri nilimuaga Kasyoka. Nikaenda hadi stendi na mkoba wangu, nikasalimiana na watu ili wanione. Nikanunua gazeti. Kisha nikarudi kwa njia ya nyuma, nikafungua duka kwa ufunguo wangu, nikajifungia, nikaingia stoo. Stoo yangu haina mlango wa nje wala dirisha. Ina pazia tu, na pazia linatazama dukani.

Kwa nini nilirudi? Jibu ni rahisi. Ningekaaje Wote bila kujua Mama atasema nini juu ya Hasina? Nilitaka kumsikia kwa masikio yangu akikiri kwamba kwangu ni kuzuri zaidi. Nthoni ni mambo ya macho. Kuhusu masikio nilijipa tafsiri yangu.

Kasyoka akaja, akafungua. Saa tatu nikasikia fimbo. Polepole. Tena polepole. Kasyoka akamkaribisha kwenye kochi, springi zikalia. Kiema akanguruma mlangoni: habari ya asubuhi, Mama, umekuja kwa Muthama leo! Nikasikia watu barabarani wanasimama. Ushindi!

Kisha Mama akasema duka hili lina giza. Kwa Hasina kuna dirisha.

Niliuma gazeti.

Akaendelea. Kwa Hasina mtu anakaa, anazungumza, anasahau maumivu. Hapa kiti kinammeza mtu. Kasyoka akacheka! Mke wangu!

Hapo nikasikia viatu. Viatu vya ngozi, si vya hapa. Daktari Gicheru! Alikuwa amesema wiki ijayo, lakini alikuwa anapita kwenda Kibwezi, akaona afadhali akague leo. Akamuuliza Kasyoka mwenye duka yuko wapi. Kasyoka, mwanamke mkweli kupita kiasi, akasema yuko Wote. Daktari akasema pole sana, hatakuwa na nafasi ya kurudi. Basi itabidi aamue hivyo hivyo, na kule ng'ambo ya barabara ameshaona vya kutosha.

Mwanamume mwingine angenyamaza. Mimi nilipiga kelele: Nipo!

Mama akasema, Aiya! Nikasikia leso inavutwa. Nikasikia fimbo inaanguka. Alitaka kukimbia, maskini, lakini kochi lile likikushika halikuachii. Springi zikalia, akazama zaidi. Akajisukuma. Kisha akalia kilio kingine, kifupi. Hicho hakikuwa cha aibu.

Daktari akasema mwenye duka atoke haraka. Nikasema siwezi. Akauliza kama niko uchi. Nikasema nimevaa vizuri kabisa, hata tai. Akamgeukia Kasyoka, akauliza kama mimi ni mgonjwa. Kasyoka akasema si mgonjwa, ni mkwe.

Daktari hakuelewa. Kwao mkwe na mama mkwe wanakunywa chai pamoja, tena wanataniana. Kasyoka akamweleza nthoni, huku akimshika mama yake mkono. Daktari akauliza, na mama wakwe wa huyu bwana ni wangapi? Kasyoka, mkweli tena, akasema marehemu baba yake alioa wake sita, na wote ni mama zake, na dada zao, na wale ambao ukoo unawaita mama. Daktari akasema: kwa hiyo nikimwachia magonjwa madogo ya Makindu, nusu ya kina mama atawatibu kutoka stoo?

Kiema alicheka huko nje. Nilimtambua.

Swali halikuwa la haki, lakini sikulijibu kwa hasira. Nililijibu kwa sayansi. Nikasema kupitia pazia kwamba ugonjwa wa Mama naujua bila kumwona. Baridi yabisi ya uzee! Apewe tembe za maumivu, ile ya kopo la njano, mbili mbili. Dawa ya kuchua. Vitamini. Na ya minyoo kwa usalama. Nikamwelekeza Kasyoka rafu na upande. Magonjwa madogo, dawa mbele! Galeni, yule tabibu wa kale, hakuwahi kutibu kwa kasi ile.

Kasyoka hakuondoka alipokuwa. Alimwambia Kiema akimbie akamwite Hasina. Na Kiema akakimbia. Kwa miguu ile!

Hasina akaja. Jambo la kwanza, alilisalimia pazia: Bwana Muthama, hujambo huko ndani? Joto halijakuzidi? Akapiga magoti mbele ya Mama, wakanong'ona Kikamba. Nilitega sikio lote. Nilipata neno moja tu: punda.

Kisha Hasina akasimama, akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba yeye huyu mama hamuuzii kitu. Wala hajawahi. Kila akija alikuwa anamwambia nyonga hii si ya dukani, nenda kwa daktari, na Mama anasema ndiyo, anakaa, anasema habari za mvua, anarudi nyumbani. Sijamuuzia hata tembe moja, Daktari, akasema. Amenimalizia chai tu. Huyu si wangu, na si wa bwana aliye stoo. Huyu ni wako.

Nilisimama gizani. Hata tembe moja! Siku tatu nimeungua moyo kwa dawa ambazo hazikuwahi kuuzwa!

Daktari akasema hilo ndilo neno alilokuwa akilitafuta mji mzima: mtu anayejua kipi si cha kwake. Kuuza kila mtu anaweza.

Walijaribu kumwinua Mama, akalia. Basi wakambeba na kochi lake. Namaanisha kochi langu. Kiema, dereva wa daktari na abiria wawili wa Mombasa, wakalipandisha kwenye Land Rover ya kituo, Mama juu yake kama malkia, leso usoni, Kasyoka kando. Hasina akafuata na fimbo. Watu wote walikuwa barabarani. Mji mzima ulimwona Mama akitoka kwa Muthama.

Nilibaki nyuma ya pazia mpaka muungurumo ukaisha.

Jumapili, 12 Juni

Kasyoka amerudi kuchukua nguo. Ameongea akiutazama mlango.

Nyonga ina ufa. Mama alianguka kutoka kwa punda akileta maji, na tangu siku hiyo amekuwa akiitembelea hivyo hivyo. Daktari amesema dawa za maumivu zingemdanganya. Angejiona amepona, angebeba mtungi, mfupa ungekatika kabisa, na kwa umri wake asingesimama tena. Jana alikuja kwa miguu kutoka kwake mpaka dukani kwa sababu binti yake alimwita. Kasyoka akasema hilo la mwisho mara mbili.

Nilikaa. Nilimfikiria yule mzee akiburuta mguu kwenye jua ili mimi nionekane. Sikuona raha. Nilijisikia vibaya kabisa mpaka saa ya chai.

Saa ya chai nilitazama nje nikamwona Hasina amebeba chupa ya uji anakwenda kumwona. Uji! Sasa anapeleka na uji! Damu ikarudi mwilini.

Mimi kwenda siwezi, nthoni. Nikampa Kasyoka machungwa ampelekee. Ameniambia jioni kwamba Mama ameyapenda sana, na amewaambia wagonjwa wote wodini kwamba yametoka kwa Hasina. Nikamuuliza, na wewe ukanyamaza? Akasema ndiyo, kwa sababu angejua ni yako asingeyala, na mama anahitaji kula.

Jumatatu, 13 Juni

Mzee Kilonzo amekuja, ndugu wa marehemu baba mkwe. Hakukaa. Hakuna pa kukaa.

Anasema nimevunja nthoni. Kujificha na kumsikiliza mama mkwe! Natakiwa kutoa mbuzi. Nikamjibu kwa hoja. Kwanza, sikumwona. Pili, mila inazungumzia macho, haizungumzii masikio. Tatu, duka ni langu, na aliyeingia ni yeye. Nne, hata Wagiriki wa kale walitofautisha kati ya kusikia na kusikiliza.

Akaniacha nimalize. Akasema katika uzee wake wote ameona mkwe mlevi, mkwe mwizi na mkwe mvivu, lakini mkwe wa stoo hajawahi kumwona. Kisha akasema, maneno mengi, mbuzi mmoja. Dume. Akaondoka.

Mbuzi dume wangu pekee nilikuwa nimemwahidi daktari siku ya kuwekwa kibao. Kibao changu.

Jumatano, 15 Juni

Kibao kimewekwa. Ng'ambo. Herufi za bluu: MAGONJWA MADOGO YATIBIWA HAPA. KUBWA UTAELEKEZWA. Fundi aliomba kuazima ngazi yangu. Nilimpa, kwa sababu nilitaka kuona kama itavunjika. Haikuvunjika.

Daktari alikuja mwenyewe kunieleza. Alikuwa amelala, inaonekana, macho meupe. Alisema veranda yake asubuhi hii ilikuwa na watu wachache mno hata akadhani ni sikukuu. Akasema akiona majaribio yamefaulu ataongeza duka la pili, nami nikitaka nijifunze jambo moja tu: kumwambia mgonjwa "hili siliwezi, nenda kwa daktari." Akanitaka nilitamke mbele yake. Koo lilikuwa limekauka. Nikamuuzia peremende za koo badala yake.

Mama anaendelea vizuri. Kasyoka analala huko. Kochi amekataa lirudi, Mama amelizoea, wamelitia pale wodini na wauguzi wanaligombania.

Nimekaa kwenye katoni langu nimechambua kushindwa kwangu bila huruma, kama msomi. Kosa nimeliona. Ni pazia! Lilikuwa jembamba, sauti ikapita. Nimenunua zito, la kijani.

Na nimeona zaidi. Daktari alisema siwezi kuwaona nusu ya kina mama wa Makindu. Sawa. Lakini nusu nyingine? Nusu nyingine si mama wakwe zangu! Ni mama wakwe za watu! Hasina anawapokea wote ovyo ovyo. Mimi nitawachagua. Kesho asubuhi nasimama stendi na kipaza sauti cha kanisa, na tangazo ni hili, nimelitunga sasa hivi, sibadilishi neno:

Ninyi wanaume mliooa Makindu, Kiboko na Kibwezi! Ninyi mnaoingia vichakani kila Mama anapopita! Mimi si mkwe wa mama mkwe wenu. Mimi naweza kumtazama usoni mchana kweupe. Basi mleteni kwangu! Mtumeni na wake zenu, nanyi mbaki nyumbani kwa heshima. Akiwa na mafua, aje. Akiwa ameanguka kutoka kwa punda, aje. Msimpeleke kwa daktari, daktari amechoka. Msimpeleke ng'ambo, ng'ambo atakalishwa, ataulizwa maswali, na mwisho aambiwe hapana! Mimi sijawahi kumwambia mtu hapana. Kwangu hakuna aliyewahi kutoka mikono mitupu, hata wasioumwa. Waleteni kesho, kabla ya saa nne, kabla Hasina hajafungua dirisha!